Kukoroma Hadi Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kuweka shajara. Watu wakubwa wote wanazo. Siku nitakapokuwa mkubwa sitaki kuhangaika kukumbuka ilikuwaje.

Hali ilivyo: blogu yangu, Kisima cha Busara, haionekani. Sisemi haisomwi. Hilo nimeshalizoea. Nasema haionekani. Leo mchana kazini kulikuwa kimya, nikachukua simu, nikaingia kwenye injini ya kutafuta, nikaandika "busara". Nikapekua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikazidi kwenda mpaka nikafika mahali ambapo hata injini yenyewe ilionekana imechoka. Simo. Nikaandika "kisima". Nikaletewa watu wanaochimba visima. Nikaandika jina kamili la blogu yangu, herufi kwa herufi. Ikaniuliza kama nilimaanisha kitu kingine.

Mimi ni karani wa mapokezi katika kliniki ya meno. Naandika majina ya wagonjwa, nawaambia wakae, na mashine ya Daktari ikianza kulia kule ndani naongeza sauti ya redio. Ni kazi ya heshima ila haikijazi kichwa changu. Ndiyo maana naandika. Nimeandika kuhusu subira. Kuhusu uongozi. Kuhusu mti na kivuli chake, sehemu ya kwanza na ya pili. Wasomaji wangu wa kudumu ni wawili: mimi nikiwa nyumbani na mimi nikiwa kazini.

Ningevumilia kama si shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Anauza magodoro. Ukoo mzima unamwita Profesa, na sababu ni kwamba alivaa miwani akiwa bado mdogo. Basi, hakuna nyingine. Naye ana blogu. Ya magodoro. Jana tulikwenda kwa mama mkwe, na mbele ya wageni akasifu kwamba mwanawe ukimtafuta kwenye simu anatokea juu kabisa. Halafu akanitazama kwa huruma akasema na huyu mkwe wangu naye huandika andika.

Huandika andika! Mara mbili, kama kuku anayedonoa donoa.

Nimeapa. Mwezi huu hautaisha kabla Kisima hakijafika ukurasa wa kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Nimesoma sana leo. Daktari alidhani napanga miadi ya wagonjwa.

Siri ni maneno. Injini haijui hekima, inajua maneno. Mtu akiwa na shida huandika maneno fulani, na injini humpeleka kwenye ukurasa wenye maneno hayo. Kwa hiyo kwanza ujue watu wanaandika nini. Nilitegemea kukuta subira. Nilitegemea uongozi. Wapi! Watu wanatafuta jinsi ya kumrudisha mpenzi aliyeondoka. Wanatafuta dawa ya kukoroma. Dunia imeoza, lakini ndiyo hii tuliyonayo.

Jioni nilimweleza mke wangu. Yeye ni mwalimu wa hisabati, na alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Bila kuinua kalamu akasema mtu hutafuta kinachomuuma yeye, hatafuti kinachomuuma mwandishi. Nikamshukuru kwa mchango wake, nikaendelea na kazi.

Nimerekebisha makala zote. Mfano, pale niliposema subira ni mti wenye mizizi mirefu, sasa inasomeka: "Subira ni mti wenye mizizi mirefu ya jinsi ya kumrudisha mpenzi aliyeondoka." Imepoteza uzuri kidogo, imepata nguvu.

Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa kwenye makala yoyote niliyosoma leo, isipokuwa moja iliyosema usilifanye. Mwisho wa kila ukurasa nimebandika maneno yaleyale, mpenzi aliyeondoka, dawa ya kukoroma, mpenzi aliyeondoka, dawa ya kukoroma, mstari juu ya mstari, kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Msomaji haoni kitu. Injini inaona kila kitu.

Mke wangu alipita nyuma yangu, akauliza kwa nini naangalia ukurasa mtupu na kucheka peke yangu. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 5 Machi

Inasemekana injini hupenda ukurasa unaotembelewa kutoka simu nyingi tofauti. Na mimi nimekaa mbele ya nani kutwa? Mbele ya watu wenye simu, wasio na la kufanya, na walio na hofu kiasi cha kumtii yeyote aliyevaa koti jeupe, hata likiwa la karani.

Tangu asubuhi kila mgonjwa aliyefika nilimwomba afungue Kisima kabla sijamwandika. Nilisema ni utaratibu. Wengi walikubali. Mzee mmoja alikuja na shavu limevimba kama amekula mpira. Hakuweza kusema. Nilipomwomba aliinua mkono, nami nikauchukulia kuwa ni ndiyo.

Bahati mbaya Daktari alitoka. Akamkuta mzee wa watu anasoma makala yangu ya uongozi huku machozi yanamtiririka. Akaniuliza kuna nini. Nikasema ni jaribio la kuonekana mtandaoni.

Daktari ni mama wa maneno machache, kama mtu aliyezoea kuzungumza na watu waliojazwa pamba midomoni. Alimhudumia mzee kwanza. Halafu akaniita ndani, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa kwa sababu ndicho kilichokuwepo. Taa ilikuwa usoni pangu. Nikajua leo kazi imeota mbawa.

Kumbe hapana. Alitaka kuniambia kuhusu ile kliniki mpya ng'ambo ya barabara, yenye milango ya vioo na samaki wa mapambo. Mtu akitafuta daktari wa meno kwenye simu, inatokea ile. Sisi pia tuna tovuti, alitengenezewa na mpwa wake, lakini ni kama imezikwa. Wagonjwa wanapungua. Akauliza kama kweli nayajua mambo haya ya kuonekana. Nikasema mimi ni miongoni mwa wachache.

Akanipa nywila ya tovuti. Kisha akasema, tena kwa upole, kwamba mambo yakiendelea hivi hatahitaji mtu wa mapokezi, maana hatakuwepo wa kupokewa. Angegomba nisingeogopa. Ule upole ndio ulioninyima hamu ya chai.

Alhamisi, 6 Machi

Tovuti ya kliniki nimeimaliza kabla ya chai ya asubuhi. Kwa nini nibuni mara mbili? Nimechukua maneno yangu meupe yaleyale, nikayabandika chini ya kila ukurasa wa Daktari. Na juu, kwenye maelezo mafupi ambayo injini humwonyesha mtu anayetafuta, nayo nikayatia kidogo ili yakolee. Nikaweka na njia ya kwenda Kisima. Daktari alipouliza nimefikia wapi nikamwambia msingi umemwagwa.

Baada ya kazi nikapita dukani kwa Profesa, eti napita tu. Magodoro yamepangwa hadi darini. Yeye mwenyewe alikuwa amelala juu ya moja, kompyuta tumboni, anaandika. Hiyo ndiyo anaita kazi. Nikamuuliza kama mtu asiyejali, huwa anafanyaje mpaka anatokea juu.

Akasema, "Shem, andika jambo la kweli lililokutokea. Watu wananusa."

Yeye aliandika siku mgongo ulipomkatalia kuinuka akiwa chooni, na jinsi alivyopiga kelele hadi jirani akavunja mlango. Watu waliipenda sana. Ushauri wa muuza magodoro! Lakini njiani nikawa nawaza: kwangu mimi kuna jambo gani la kweli?

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa amesinzia kwenye kochi, daftari la mwanafunzi liko kifuani. Na jibu likaja lenyewe, tena kwa sauti.

Nimeandika bila kupumua. Kichwa cha habari: "Mke Wangu Anakoroma." Nimeeleza mkoromo unavyoanza kama birika linalokaribia kuchemka. Unavyopanda ukawa lori linalokwea mlima kwa gia isiyo yake. Halafu kimya, kimya kirefu hadi unaanza kufikiria nani utampigia simu kwanza kumpa taarifa za msiba, kisha lori linawaka tena. Kisanaa ni kazi yangu bora kuliko zote.

Jina sikulitaja. Mimi ni mtu wa siri. Nilisema tu ni mwalimu wa hisabati, mrefu, na kwamba hupenda kilemba cha bluu.

Ijumaa, 7 Machi

Ukurasa wa kwanza!

Niliamka nikaandika "kukoroma", nikajiona. Mimi. Kisima cha Busara. Juu yangu kuna hospitali moja tu. Chini yangu, hatua kadhaa chini, makala ya Profesa kuhusu mito na shingo. Watu nisiowajua wameacha maoni. Mmoja ameandika "wangu pia". Mwingine amesema amecheka hadi mtoto ameamka. Nilitembea kwenda kazini kama mtu ambaye hata taa za barabarani zinamfahamu.

Nikamtumia Profesa kiungo, bila neno lolote, ajionee. Akajibu: "Dada ameiona?"

Swali la ajabu. Wivu una njia nyingi za kusema.

Jioni mke wangu akarudi. Hakuvua viatu. Alikaa na mkoba mapajani kama mgeni, akanisimulia siku yake kwa utulivu kabisa. Alikuwa darasani. Akageukia ubao aandike mlinganyo. Kutoka madawati ya nyuma ikaja sauti ya mtu anakoroma. Akageuka, kimya. Akaandika tena. Safari hii darasa zima lilikoroma, safu baada ya safu, kwa mpangilio mzuri kuliko wanavyokariri kanuni. Mchana mwalimu mkuu akamuuliza kwa upole kama anapata usingizi wa kutosha.

"Baba Pacha," akasema. Huniita hivyo kwa ajili ya pacha wetu walioko shule ya bweni. "Ulipokuwa unaandika, ulidhani nani atasoma?"

"Nilitumaini wote," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli. Nimegundua kwamba ukweli haupendwi nyumbani kama unavyopendwa mtandaoni.

Akaingia chumbani, akatoka na begi. Anakwenda kwa mama yake. Mlangoni akanikumbusha kwamba maharage yako jikoni, nisisahau kuzima. Nikamwambia siwezi kusahau.

Naandika haya madirisha yote yakiwa wazi ili moshi utoke.

Jumamosi, 8 Machi

Mtu angedhani nimelala usingizi wa pono, maana lori limehama. Sikulala. Kila nikisinzia nashtuka, nategea sikio, hamna kitu.

Asubuhi nikafanya anachofanya kila mtu mwenye shida. Nikachukua simu nikaandika: jinsi ya kumrudisha mke aliyeondoka.

La kwanza kutokea lilikuwa Kisima cha Busara.

Kwa kweli nilisimama. Mwandishi gani asingesimama? Kisha nikaifungua, kwa sababu msaada nilikuwa nauhitaji. Ilikuwa ile makala yangu ya subira. Nikaisoma mwanzo hadi mwisho, polepole, kama mgonjwa anavyosoma karatasi ya dawa. Hamna kitu ndani. Kuna sentensi inasema "mpenzi ni maji, na maji hukijua kisima chake." Nikairudia, nikitafuta mahali panaposema mtu afanye nini. Chini yake kulikuwa na nafasi nyeupe, ndefu. Kilichomo humo nakijua.

Hata hivyo mwandishi asiyeamini alichoandika ni tapeli. Makala imesema mwenye subira hutulia kama kisima. Nikaenda kwa mama mkwe, nikakaa barazani, nikatulia.

Mama mkwe akatoka akanisalimia. Nikainamisha kichwa. Akauliza kama naumwa. Nikatazama mbali. Akanishika paji la uso, akaingia ndani haraka, akampigia simu mwanawe. Haukupita muda Profesa akafika na gari la duka, na godoro juu yake, kwa sababu mama alimwambia shemeji yako hawezi hata kuinua mwili. Wakanilaza papo hapo barazani. Godoro lenyewe ni zuri. Hilo sitaliandika popote pengine.

Ndipo mke wangu akatoka. Akanitazama nilivyolala. Akasema neno moja: "Ifute."

Ikabidi niache utulivu. Nikamweleza kwamba makala iliyofika ukurasa wa kwanza haifutwi kama chaki ubaoni. Ni mali. Nikapendekeza kitu cha katikati: badala ya "mke wangu" tuandike "jirani yangu", lakini kukoroma kubaki kulivyo. Akaingia ndani. Mlango ukafungwa. Haukubamizwa, ulifungwa tu, na ufunguo ukazunguka.

Mama mkwe akaniambia, "Mwanangu, kule kunyamaza kulikuwa kunakufaa zaidi."

Jumatatu, 10 Machi

Jana sikuandika. Nilikuwa nasugua sufuria.

Leo nimefika kazini nikakuta watu wamepanga foleni hadi kwenye ngazi. Foleni! Wamevaa vizuri, wamenyoa, wamejipulizia manukato. Daktari alinishika bega. Miaka yote hii hajawahi kunishika bega. Akasema, "Karani, umeweza." Niliona kwamba hakuna hata mmoja aliyeshika shavu, lakini sikutaka kujiharibia asubuhi.

Wa kwanza kuingia alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye suti. Redio ilikuwa chini, nikasikia kila kitu.

"Linauma wapi?" Daktari akauliza.

"Hapa."

"Fungua mdomo nione."

"Hapa kifuani, Daktari."

"Tangu lini?"

"Tangu alipohamia kwa dada yake."

Wa pili alikuwa mama aliyetaka mumewe arudishwe, ila kwa masharti, na masharti alikuwa nayo kichwani yote. Wa tatu aliketi kwenye kiti, akaegemea, akalala palepale. Huyo alikuja kwa ajili ya kukoroma, na hakuna aliyebaki na shaka.

Daktari akatoka, barakoa iko chini ya kidevu. Akauliza wote kwa pamoja nani amewaelekeza hapa. Wakainua simu. Akachukua ya aliye karibu, akasoma maelezo chini ya jina la kliniki yake: meno, ziba, ng'oa, mpenzi aliyeondoka, dawa ya kukoroma.

Akaja kwenye kompyuta yangu. Akafungua tovuti, akashuka hadi chini kwenye ile nafasi nyeupe, akashika kipanya, akavuta kana kwamba anapangusa vumbi. Maneno yangu yakajitokeza yote, mstari juu ya mstari, kwenye rangi ya bluu.

"Karani, hii ni nini?"

Nikasema ni maneno muhimu.

Hakunigombeza. Alisema mimi ndiye niliyewaleta, basi mimi ndiye nitakayewaambia, mmoja mmoja, ana kwa ana. Nimewahi kuwaambia watu kwamba jino haliponi, litang'olewa. Hii ilikuwa ngumu kuliko hiyo. Mama mwenye masharti alinitazama toka juu hadi chini akauliza kama nina mama. Yule bwana wa suti alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama basi mimi binafsi naijua njia ya kumrudisha mtu. Nikasema wangu pia ameondoka.

Akasogea akanipisha kwenye benchi. Nikakaa.

"Umemwomba radhi?" akauliza.

Nikasema naendelea kujipanga.

"Hata mimi nilikuwa najipanga," akasema. "Mpaka akabadilisha namba ya simu."

Kisha akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Sijui kwa nini maneno yake yamenikaa.

Mchana msiba ukatimia. Injini imetugundua. Ukiandika jina la kliniki, inakuja ile ya samaki. Ukiandika Kisima cha Busara, hakuna. "Mke Wangu Anakoroma", hakuna. Tumefutwa kama hatukuwahi kuzaliwa. Na ukiandika "kukoroma", nani yuko juu? Profesa na mito yake.

Daktari alisema hanifukuzi. Kesho nitaifanya kliniki ionekane bila injini.

Jumanne, 11 Machi

Daktari amenitengenezea jino.

La maboksi ya glavu, yamegundishwa, yamepakwa rangi nyeupe. Linaanzia kichwani kwangu na kuishia magotini. Mbele kuna tundu la uso. Kifuani limeandikwa: DAKTARI WA MENO, GHOROFA YA KWANZA, KARIBUNI. Nimesimama kwenye njia panda kutwa, nikitazamana na wale samaki.

Sijawahi kuonekana hivi maishani mwangu. Madereva walipunguza mwendo. Watoto waliniomba niwape mkono, lakini jino halina mikono. Muuza magazeti aliniuliza kama mimi ni jino la mbele au la nyuma. Nikamwambia ni gego. Akasema ndiyo maana nimetoboka.

Alasiri masomo yakaisha. Wanafunzi wakapita. Wakanitambua kwa tundu, wakaanza kukoroma, safu baada ya safu. Nilijaribu kuwapa mgongo, lakini gego haligeuki haraka. Nilipomaliza kugeuka nikakuta nimetazamana na kilemba cha bluu.

Mke wangu alisimama. Alinitazama uso, akanitazama magoti. Akajizuia kwa muda. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo ya taa.

"Umekuwa nini?"

"Gego."

Akafuta macho. Akasogea karibu, wanafunzi wakaona vyema waende zao.

"Na ni kweli nakoroma?"

"Kidogo."

"Kidogo kama lori?"

"Kama lori dogo."

"Sasa kwa nini usiniambie mimi, kabla ya kuwaambia walimwengu?"

Nilitaka kuinamisha kichwa, jino likakataa. Nikabaki namtazama usoni, na labda hilo lilisaidia, kwa sababu maneno yalitoka yenyewe bila mti wala kivuli. Nikasema nisamehe. Nikasema nyumba imekuwa kimya mno, nashtuka usingizini kutega sikio, na sisikii kitu.

Kisha akasema, "Liandike hilo."

Nikasema leo leo, kwenye Kisima.

"Kisima hakuna anayekiona. Andika kwenye blogu ya mdogo wangu, waliosoma la kwanza walisome na hili."

Nikamwambia chochote, lakini si kwa Profesa. Akaupandisha mkoba begani aondoke.

Nikasema sawa.

Jumatano, 12 Machi

Nimeandika radhi yangu nikiwa nimelala chali juu ya godoro, maana duka la Profesa halina kiti. Nilileta karatasi ndefu yenye kisima, mto, na busara za wahenga. Profesa akasoma akiwa amelala godoro la pili. Akafuta kisima. Akafuta mto. Wahenga akawarudisha kwao. Kilichobaki kilikuwa kifupi mno, nikaona aibu kukitia sahihi:

"Nilimcheka mke wangu mbele ya watu wanaomjua na wasiomjua. Ni kweli anakoroma. Mimi huongea upuuzi nikiwa macho, na hajawahi kumtangazia mtu. Tangu aondoke sipati usingizi. Nimekosa."

Profesa alivua miwani akaipangusa muda mrefu. Akasema, "Shem, sasa umeandika." Nilitafuta kejeli usoni pake nikaikosa. Inaudhi.

Kabla ya magharibi mke wangu alirudi na begi lake. Akaikagua sufuria, akasema hii haiponi, akaitupa. Kisha akakaa kwenye kochi na madaftari yake. Hayakusahihishwa hata matatu. Lori likawaka.

Nilikaa pembeni nikalisikiliza. Niseme tu kwamba lina mahadhi.

Ijumaa, 14 Machi

Habari njema zimefululiza. Yule bwana wa suti amemleta mama yake mzazi kliniki, na mama ana jino bovu la kweli. Wengine wanakuja wakiulizia "kwa yule mtu jino". Daktari ameniruhusu nirudi ndani, isipokuwa asubuhi.

Lakini kubwa ni hili. Radhi yangu imesambaa. Ukiandika "kuomba msamaha", ukurasa wa kwanza, juu kabisa, mimi. Wanawake wanawatumia waume zao. Waume wanainakili neno kwa neno, wengine wamesahau hata kuondoa kukoroma. Profesa ameuza magodoro hadi dari inaonekana. Shuleni mwalimu mkuu ameibandika kwenye chumba cha walimu, na mke wangu amejifanya hajaiona, ila nilimkuta anaisoma tena kwenye simu.

Nimewaza sana, na sasa nimeelewa nilipokosea.

Nilidhani watu wanataka kukoroma. Kukoroma ni kwa siku moja. Watu wanataka kuombwa radhi. Radhi inapanda, inakaa, hakuna anayekasirika, hata injini yenyewe inaridhika. Tatizo ni moja tu: huwezi kuomba radhi kwa kosa lilelile kila wiki, wasomaji watachoka. Mwandishi makini kwenye uwanja huu anahitaji makosa mapya, tena kwa mfululizo.

Nimefungua blogu nyingine. Nimeiita Nimekosa. Bado ni tupu.

Kesho mama mkwe anakuja kushinda nasi kutwa. Nasikia ana tabia ya kubishana na televisheni, na akizidiwa huirushia kandambili.

Nimechaji simu.